Hadithi Niliyoisoma Mchana

Mwaka jana niliondoka ukumbini katikati ya hotuba, na nasikia bado wananisema. Waache waseme. Kijana mmoja mtanashati, mtaalamu wa nishati, alikuwa amesimama mbele yetu pale Lushoto mjini, picha zake zinamulika ukutani, anatueleza jinsi wenzetu wa nchi za mbali walivyopata mitambo yao. Anasema kule walianza kwa kubuni. Mtu akaandika hadithi ya nyumba inayojipatia nguvu kutoka kwenye jua, mwingine akaandika ya taa isiyozimika, halafu watoto waliozisoma wakakua, wakawa mafundi, wakayatengeneza yale waliyoyasoma. Hapo sikuwa na ugomvi naye. Lakini akaongeza, huku anatabasamu kwa huruma, kwamba kasoro yetu sisi watu wa milimani ni hiyo tu: hatukuwahi kuota. Tulikuwa na hadithi za sungura na fisi, akasema, hatukuwa na hadithi za kesho.

Damu ilinipanda. Mwanamke wa umri wangu hapaswi kurushiana maneno na vijana hadharani, ndiyo maana nilichukua mkoba wangu nikatoka. Watu wakadhani ni presha. Si presha. Ni hasira, na nimekuwa nayo tangu nikiwa darasa la saba.

Hatukuota? Ala! Tuliota na majembe mikononi. Kaa chini nikueleze.

Kijiji chetu kiko juu ya Malindi, hii yetu ya Lushoto, si ile ya pwani, upande ambao ukungu ukiingia mwezi wa sita hauagi mpaka wa nane. Nguo hukaa kwenye kamba siku tatu na bado ukizikamua zinatoa maji. Mama yangu alipikia ndani, kwenye mafiga matatu, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Baba alikuwa amefariki nikiwa mdogo, kwa hiyo kuni zilikuwa juu yetu, mama na mimi. Na kuni zenyewe kuni gani? Msitu ulikuwa wa serikali, kama ulivyokuwa wa mkoloni kabla yake. Uhuru ulikuja, bendera ikabadilika, bwana misitu akabaki. Aliruhusu tuokote matawi yaliyoanguka, siku mbili kwa wiki, na ole wako akukute na panga. Matawi yaliyoanguka wakati wa ukungu ni maji matupu. Ukiyatia motoni yanalia, yanatoka povu, na moshi unajaa nyumba nzima mpaka humwoni aliyekaa mbele yako.

Mama hakuwa amefika arobaini, lakini macho yake yalikuwa mekundu na yanatoka machozi asubuhi mpaka jioni. Akitazama kitu ilibidi ageuze kichwa pembeni. Siku moja nilimsindikiza zahanati. Mganga akamfunua kope, akatikisa kichwa, akasema, "Mama, huu moshi utakumaliza macho. Usipikie kuni mbichi. Usipikie ndani. Ukiendelea hivi utapofuka."

Nikamwuliza, "Sasa apikie nini?"

Hakuniangalia. Aliendelea kuandika kwenye kadi. "Hilo si la zahanati, binti," akasema.

Nilitamani kumpokonya ile kalamu. Mama akanifinya mkono, akamshukuru, tukarudi zetu kupika kwa kuni mbichi, ndani.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa akiishi Korogwe, kule chini kwenye joto. Aliposikia habari za zahanati alituma ujumbe kwa dereva wa lori la mboga: njoo ukae huku, huku tunapikia uani, kuni kavu, moshi unaenda zake mbinguni. Mama alikubali. Alishaanza kugawa kuku wake kwa majirani. Tafadhali likumbuke hili la Korogwe, maana ndilo linalonichoma mpaka leo.

Wakati huo serikali ilikuwa imeamua kila mtu mzima ajue kusoma. Walimu hawakutosha, kwa hiyo sisi wa darasa la saba tuliokuwa na mwandiko mzuri tulikabidhiwa wazazi wetu tuwafundishe. Mimi nilipewa akina mama ishirini na kitu, mama yangu mzazi akiwemo. Walikuja saa tisa alasiri, siku tatu kwa wiki, wakitoka shamba na matope miguuni. Wakiingia mlangoni wananitania, "Hujambo mwalimu!" Nami nawaamkia wote, "Shikamooni," kama ilivyonipasa, ndipo tunaanza.

Tulisoma vijitabu vya serikali. Kijitabu cha choo. Kijitabu cha matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kijitabu cha uji wa mtoto. Vyote vilisema kitu kimoja: mtachimba, mtajenga, kila kaya itakuwa na hiki na kile. Na kila kilichosomwa kilitokea kweli. Tulisoma choo, wiki iliyofuata mwenyekiti wa kijiji akapita na kamba anapima mashimo. Tulisoma matuta, wakaja wakaguzi wa matuta. Akina mama wakajua kwamba kinachosomwa saa tisa, kesho kutwa kinakaguliwa.

Sasa sikiliza na hili, maana bila hili hutaelewa. Kwetu hadithi ilikuwa na wakati wake. Bibi yangu alitutolea hadithi pembeni mwa moto, jua likishazama, si kabla. Mtoto aliyeomba hadithi mchana alifukuzwa: mchana ni wa kazi, na anayetoa hadithi mchana ataota mkia. Tulicheka, lakini hakuna aliyethubutu kujaribu. Tena hadithi ilitoka mdomoni mwa mtu. Karatasi ilikuwa kitu kingine kabisa. Kwenye karatasi lilitoka Neno la Mungu siku ya Jumapili, na agizo la serikali siku zilizobaki. Katika maisha yao yote wale akina mama hawakuwahi kusomewa jambo la kubuniwa kutoka kwenye karatasi, jua likiwa juu.

Vijitabu vikaisha. Tukavirudia, vikaisha tena. Jirani yetu, mama mmoja Mwislamu aliyeishi nyumba ya pili kutoka kwetu, mcheshi wa kupindukia, akasema, "Mwalimu, mimi hiki choo nimekisoma mpaka nakiota. Huna kingine?"

Nilikuwa nacho. Kwenye kabati la mwalimu mkuu kulikuwa na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kimebaki tangu enzi ya mkoloni, panya wamekula kurasa za mwisho. Nilikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, miezi mitatu. Kilikuwa kinasimulia watu waliojenga mji mwezini. Kule hakuna kuni, hakuna makaa, hakuna chochote cha kuchoma. Wakalaza mawe juani, yakanywa jua, na jioni wakapikia juu ya mawe yale. Yesu wangu! Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Sikuwa nafikiria mwezi. Nilikuwa nafikiria jiko letu. Sisi hatuna jua, nikajiambia, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane hatulioni. Lakini maji je? Maji tunayo mpaka tunayachukia.

Nikachukua daftari jipya, nikaandika yangu. Kule nyuma ya shule kulikuwa na maporomoko ambayo kelele zake tulizisikia darasani, nikayaweka humo. Nikakiweka na kijiji chetu, vilima vyetu, mpaka njia yetu ya kisimani. Na saa tisa nikasimama mbele ya akina mama nikasoma, kwa sauti ile ile niliyosomea choo na matuta:

"Mwaka elfu mbili hakuna mama wa kijiji hiki atakayebeba kuni. Kwenye maporomoko kutakuwa na gurudumu kubwa linalozungushwa na maji. Nguvu yake itasafiri kwenye nyaya hadi kila nyumba. Katika kila jiko kutakuwa na kigae cheusi. Mama atabonyeza, kigae kitapata joto bila moto, na maharagwe yatachemka bila moshi."

Sikusema kwamba ni hadithi. Sikusema kwamba si hadithi. Nilisema tu, "Leo tuna somo jipya." Hilo ndilo kosa langu, na sitalisukumia kwa mtu mwingine.

Yule jirani akauliza polepole, "Bila moshi?"

"Bila moshi."

"Wallahi?"

Nami kwa kiburi cha miaka kumi na minne nikajibu, "Ndivyo ilivyoandikwa."

Basi wakaanza kuuliza. Loh, waliuliza! Kwenye somo la choo walikuwa wakisinzia; siku ile waliinua mikono kama watoto. Mmoja akasema, kiangazi maji yanapungua, gurudumu litasimama, tutalala na njaa? Mwingine akamjibu kabla yangu: tuchimbe bwawa juu ya maporomoko, tulifunge jioni, tulifungue asubuhi, kama tunavyofanya na mifereji ya kumwagilia. Yule jirani akataka kujua nguvu inayobaki watu wakiwa wameshapika inakwenda wapi, maana chakula kikibaki kinafunikwa. Mimi baadaye nilikuja kufundisha fizikia miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba swali hilo la mabaki linawatoa jasho wataalamu mpaka leo. Liliulizwa pale na mtu aliyekuwa bado anajifunza kuandika jina lake.

Mama aliuliza mwisho. Alikuwa amekaa mbele, kichwa amekigeuza pembeni kama kawaida yake. "Mwalimu," akasema, na hakuwa anatania, "kigae kikiwa cheusi na hakina moto, mtu atajuaje kwamba kina joto? Mtoto ataweka mkono."

Nikaanza kupekua daftari.

"Kiwe na taa," akasema. "Ndogo tu. Kikipata joto inawaka. Na iwe nyekundu."

"Kwa nini nyekundu?"

"Nyekundu ndiyo ninayoiona bado vizuri."

Siku iliyofuata niliongeza taa nyekundu kwenye daftari, na bwawa, na mahali pa kuweka nguvu iliyobaki. Nilichora na picha. Wiki tatu tulikuwa tunakutana hivyo: mimi nasoma, wao wanauliza, mimi naandika upya. Wale wanaosema mtu hubuni akiwa peke yake chumbani hawajui wanachosema. Ile hadithi ilikuwa ya watu ishirini na kitu, mimi nilikuwa karani wao.

Kisha wakauliza mwaka elfu mbili ni lini. Nikawaambia, bado. Wakakokotoa kwa vidole wakaona watakuwa vikongwe. Yule jirani akasema tusisubiri. Serikali siku zote inaanza na kijiji kilicho tayari, sisi tukiwa na bwawa letu tayari, mtambo utaletwa kwetu kwanza, majirani zetu wa Rangwi watakuja kushangaa. Wote wakapiga makofi. Wakachagua Alhamisi kuwa siku ya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu, wakapanda juu ya maporomoko na majembe, masururu na makarai. Wakaanza kuchimba.

Na mama yangu akatuma ujumbe Korogwe kwa dereva yule yule wa lori la mboga. Nilikuwa nimesimama pembeni yake akisema, "Mwambie kaka asinisubiri. Siondoki tena. Tunaletewa mtambo, nitapikia nyumbani kwangu."

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Dereva akawasha gari, na mimi nikaufunga. Nilijiambia nitamwambia kesho, na kesho ikafika wenzake wakampigia vigelegele kwa sababu yeye ndiye aliyetoa wazo la taa, nikashindwa. Kwa kweli nilikuwa nimeanza kuamini mwenyewe. Ukiwaona watu wazima wanachimba ulichoandika, nani asingeamini?

Mwenyekiti wa kijiji alifika Alhamisi ya tatu. Shimo lilikuwa limeshafika kiunoni. Akauliza nani ameagiza kazi hii, wakamjibu kwa furaha, "Tumesomewa, ndugu mwenyekiti!" Niliuona uso wake. Yule bwana alikuwa amekosa mikutano miwili ya kata mfululizo, akahisi kuna waraka umempita. Badala ya kuuliza kama mtu mzima, akatikisa kichwa akasema, "Ndiyo, ndiyo. Ule waraka. Chapeni kazi." Na akaenda akaandika kwenye taarifa yake kwamba mradi wa mtambo wa maji katika kijiji chake unaendelea vizuri chini ya uongozi wake.

Taarifa ikapanda mpaka wilayani. Wilayani wakashangaa, wakamtuma afisa.

Alikuja na Landrova, amevaa koti la kijani, kijana wa rika la mdogo wa mwisho wa mama. Akina mama waliacha kazi wakajipanga pembeni ya bwawa, wengine wakapiga magoti kidogo kwa heshima kama walivyokuwa wakimpigia zumbe zamani, kabla uchifu haujafutwa. Yeye hakumwamkia hata mmoja. Sitamsamehe kwa mambo mengi, lakini hilo ndilo la kwanza. Alisimama juu ya udongo waliouchimba, akauliza, "Mtambo uko wapi?"

Mwenyekiti akawaangalia akina mama. Akina mama wakaniangalia mimi.

Nililetwa mbele na daftari langu. Afisa akalichukua, akalifungua, akaanza kusoma kwa sauti. Mwanzo alisoma kama mtu anayesoma waraka. Alipofika kwenye kigae akatabasamu. Alipofika kwenye taa nyekundu alicheka mpaka akajishika tumbo, na mwenyekiti, ambaye dakika tano nyuma alikuwa anatetemeka, akacheka naye kwa nguvu zaidi.

"Hii ni hadithi," afisa akasema. "Mmechimba mwezi mzima kwa ajili ya hadithi ya mtoto!"

Maporomoko yalikuwa yanapiga kelele kama kawaida. Yule jirani, ambaye sikuwahi kumwona amekosa neno, alikuwa anaangalia jembe lake.

Afisa akaendelea. Kwamba ni upotevu wa nguvu kazi ya taifa. Kwamba mabibi hawa wangekuwa kwenye shamba la kijiji. Kwamba umeme una wataalamu wake na taratibu zake, haupikwi na akina mama wa milimani. Akaagiza waongezewe siku moja ya kazi kila wiki kwenye shamba la kijiji mpaka mavuno. Yule mwenyekiti mwenye waraka wake hakuongezewa hata dakika.

Ndipo mama akajitokeza. Alikuwa na udongo mpaka magotini, na macho yanatiririka, na kwa sababu alimtazama kwa pembeni, afisa alidhani anamdharau.

"Ndugu afisa," akasema. "Hata kama ameitunga. Mimi nauliza jambo moja. Maji yanaweza kuzungusha gurudumu, au hayawezi?"

"Mama, si suala la..."

"Yanaweza au hayawezi?"

Akajikohoza. "Yanaweza. Kitaalamu yanaweza."

"Na hiyo nguvu inaweza kuchemsha maharagwe?"

"Inaweza, lakini..."

"Basi uongo uko wapi?"

Afisa alilikunja daftari langu mara mbili, akalitia mfuko wa ndani wa koti, akapanda gari. Sikuliona tena. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijua kabisa nimeshuhudia nini: mtu mwenye uwezo wa kuuliza wilayani "hivi kweli haiwezekani?" amechagua kucheka. Alikuwa na gari, alikuwa na ofisi, alikuwa na wahandisi wa kuwauliza. Kicheko kilikuwa rahisi zaidi.

Njiani kurudi nyumbani mama alitembea mbele yangu. Tulipofika kwenye mgomba wetu wa kwanza akasimama.

"Ni hadithi?"

"Ndiyo, mama."

"Uliitoa mchana?"

"Ndiyo, mama."

Nilingoja kofi. Badala yake akanishika nyuma ya kiuno, akapapasa, akasema, "Mkia haujaota." Akajaribu kucheka. Kisha akaingia ndani akawasha kuni, kwa sababu ilikuwa saa ya kupika. Ningepigwa ningeshukuru.

Nilimsihi twende Korogwe. Tukatuma ujumbe tena. Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi: mjomba amehamishwa na operesheni ya vijiji, nyumba yake imebomolewa, anaishi na watoto wake saba kwenye kibanda cha nyasi anangoja kujenga upya. Akasema tumvumilie. Tulimvumilia, hakuwahi kupata nafasi.

Bwawa, kwa taarifa yako, halikufukiwa. Mvua za vuli zililijaza vizuri kabisa, pale pale akina mama walipohesabu kwamba litajaa. Mwenyekiti akachimba mfereji mdogo kutoka hapo mpaka kwenye kabichi zake. Kabichi zilikuwa kubwa. Na wale waliolichimba, siku ya Alhamisi, walikuwa shamba la kijiji wanatumikia adhabu.

Jicho la kushoto la mama lilikwenda nikiwa kidato cha tatu. La kulia lilibaki linaona vivuli mpaka nilipokuwa chuoni. Nilisoma fizikia kwa hasira, nakwambia kweli, si kwa kupenda. Kila walipotufundisha kanuni ya mtambo wa maji nilikuwa namwona yule bwana amesimama juu ya udongo wetu. Hakuna hata kitu kimoja kwenye daftari lile kilichokuwa kichekesho. Gurudumu, sawa. Bwawa la kufunga na kufungua, sawa. Taa ya kuonya, sawa. Mwaka elfu mbili ulifika, nguzo za umeme zilikuwa zimepita chini bondeni miaka mingi, zimebeba nguvu ya maji yanayoteremka kutoka milima hii hii, zinakwenda mijini na kwenye mashamba ya mkonge. Kwetu juu walikuwa bado wanaokota matawi, siku mbili kwa wiki. Nasikia wajukuu wa yule jirani walilirithi jiko lake, mafiga na moshi wake pia.

Mama nilimchukua nikakaa naye Tanga, nyumba ya kupanga, chumba na sebule. Hakuwa anaona kitu. Wiki ya kwanza nilikuwa napika yeye akiwa kwenye mkeka, akanusa hewa, akauliza, "Leo unapikia nini? Sisikii kuni."

"Jiko la umeme, mama."

"La kigae?"

"La pleti. Chuma cheusi, cha duara."

Akaomba nimsogeze. Nikamshika mkono, akaunyoosha juu ya sufuria, kisha pembeni, mpaka akalipata lile joto lisilo na moto. Aliuacha mkono wake pale kwa muda.

"Umeme wake unatoka wapi?"

"Kwenye maji."

"Maji ya wapi?"

Ningeweza kumtajia mito na mabwawa, mimi mwalimu wa fizikia. Nikasema, "Mengine yanatoka kwetu."

Mama akasonya. Sikuwahi kumsikia akisonya kabla ya siku ile, alikuwa mtu wa kanisani. "Kumbe yule bwana alilisoma daftari mpaka mwisho," akasema. "Akacheka mbele yetu, halafu akaenda akawapelekea wengine."

Nilitaka kumweleza kwamba sivyo, kwamba majiko haya yalikuwepo nchi za mbali hata kabla sijalinunua lile daftari, kwamba hakuna aliyetuibia, kwamba jambo lenyewe ni baya zaidi ya wizi: hawakuhitaji hata kutuibia. Sikuweza.

"Na taa je?" akauliza. "Wameweka?"

"Wameweka, mama. Pembeni hapa, kwenye swichi."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Imewaka?"

"Imewaka."

Akageuza uso pembeni, vile alivyokuwa akifanya zamani alipokuwa bado na kitu cha kuona, akageuza na upande wa pili. Akajaribu kwa muda mrefu. Maharagwe yalianza kuchemka na hakuna moshi uliotoka.

"Niliwaambia nyekundu ili niione," akasema. "Sasa wamemwashia nani?"